Anayeandika Kunguru Hapotezi Muda

Kuna maoni ambayo nimeyasikia kwa walimu, kwa madiwani na kwa waandishi wenzangu, nayo husemwa kwa utulivu wa mtu anayetaja jambo lisilo na ubishi: kutazama ndege ni starehe ya Wazungu. Mwafrika mwenye shughuli zake, wanasema, hana sababu ya kukaa chini ya mwembe akihesabu chiriku, sembuse kuandika tarehe na mahali na kuwapelekea wenzake habari hiyo. Ndege wa kawaida kila mtu anawaona, na wale wa nadra ni kazi ya wataalamu. Hata hao wa nadra, ukitangaza walipo umewaonyesha majangili njia. Na juu ya yote, mkulima anayefukuza kwelea tangu alfajiri hadi magharibi asihubiriwe uzuri wa manyoya.

Maoni haya yana mizizi, na nitayatendea haki kabla ya kuyapinga. Vitabu vingi vya ndege wa Kenya na Tanzania viliandikwa na wageni, kwa Kiingereza, na huuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi haimudu. Ndege wetu wengi wamepewa majina ya watu wa Ulaya: Fischer, Jackson, Clarke. Wapo wazee walioondolewa katika ardhi ya babu zao ili iwe hifadhi, kisha wakayaona magari ya watalii yakiingia humo. Mwenye kumbukumbu kama hiyo akikunja uso anapomwona kijana na darubini shingoni, namwelewa. Lakini kumwelewa mtu ni jambo moja, na ukweli wa anachokisema ni jambo jingine. Nayachukua madai yake moja baada ya jingine.

1. "Haya ni mambo ya wageni"

Mwaka 1989 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya na ndege wa asali, yule anayewaongoza watu hadi penye nyuki. Waborana walikuwa wakisema miaka yote kwamba ndege huyo huwajulisha nyuki wako upande gani, wako umbali gani, na kwamba sasa wamefika. Watafiti hao wawili waliyapima maneno hayo, na yakathibitika kama yalivyosemwa. Mrina asali asiye na ndege wa kumwongoza alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata masega; aliyeongozwa alihitaji saa 3.2.

Maarifa hayo hayakuletwa na mgeni yeyote. Yalitoka kwa watu waliomtazama ndege mmoja mdogo wa rangi ya vumbi kwa vizazi, wakaambiana walichokiona, wakasahihishana. Kutazama ndege na kupashana habari zake ni huko huko. Jarida liliongeza vipimo na karatasi.

Sasa tazama kinachotokea maarifa ya namna hii yasipoandikwa. Mwaka 1991, katika misitu ya Udzungwa nchini Tanzania, watafiti waliotoka Denmark waliona ndani ya sufuria miguu miwili ya ndege wasiyemjua. Alikuwa kwale wa msituni ambaye hapakuwa na kitabu chochote duniani kilichomtaja. Lakini aliyemtega alijua anapopita, vinginevyo asingemtega. Aliyempika alijua analiwa. Watu wa pale walikuwa na habari zake zote za msingi, na bado historia inamhesabu mgunduzi wake kuwa ni yule aliyechungulia sufuria akauliza, akaandika, akawaambia wengine. Anayesema "hayo ni mambo yao" anakubali mpango huu uendelee: sisi tunajua, wao wanaandika, na kesho tunasomeshwa habari za msitu wetu.

Mvuvi wa Shimoni au Kizimkazi akiwaona membe wamekusanyika wakijitupa majini, hugeuza chombo kuelekea huko kwa sababu anajua kuna samaki chini yao. Mkulima akimsikia dudumizi anatazama mawingu. Nani kati yao alifundishwa na mtalii?

2. "Inataka pesa"

Hili ni jepesi zaidi, nami sitalikalia sana. Darubini nzuri ni ghali, kweli. Kitabu cha rangi ni ghali. Lakini sehemu kubwa ya kumjua ndege hufanywa na sikio, na sikio halinunuliwi. Dudumizi hujificha kichakani mchana kutwa na bado kijiji kizima kinajua yupo. Jijini Nairobi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuna matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno. Wakenya wengi ambao leo ni wataalamu wa ndege walianza kwa kutembea na kundi hilo, wakiazimana darubini na kuulizana majina.

Na maji yakipwa pale Mida, karibu na Watamu, simama kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Utawaona ndege weupe wenye mgongo mweusi na domo jeusi nene wakitembea matopeni. Mmoja hukimbia hatua tatu nne, husimama, huchoma tope kwa domo, huinuka na kaa, humtikisa hadi miguu idondoke, kisha humeza. Nyuma yake kuna mtoto wa rangi ya kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, ameinamisha shingo na kulia kama filimbi, anadai fungu lake. Kaa wa pili anapewa yeye. Ndege hawa hutaga ndani ya mashimo wanayoyachimba kwenye mchanga wa pwani na visiwa vya kaskazini mwa Bahari ya Hindi, Oman ikiwamo. Mtoto huyo amevuka bahari na bado analishwa mdomoni. Mtoto wa Watamu aliyevaa ndara anaweza kuyaona yote haya kutoka ukingoni bila kutoa shilingi, kwa sababu anaishi hapo. Mgeni ndiye anayelipa nauli ya ndege ya abiria kuyafuata.

3. "Ndege wa kawaida hawana habari"

Hapa ndipo penye kosa kubwa, na nasikitika kusema kwamba baadhi ya watazamaji ndege wenyewe wanalishiriki. Wapo wanaosafiri usiku kucha kumfuata ndege mmoja adimu, na njiani wanawapita kunguru, mwewe, yangeyange na mbayuwayu bila kuandika hata herufi. Kwao wa kawaida ni mapambo ya barabara. Kwa mtu wa mtaani wa kawaida si kitu kabisa. Wote wawili wanaamini kwamba aliyeonekana leo ataonekana kesho.

Waliamini hivyo India. Katika miaka ya 1980 tumbusi wa huko walikuwa wengi kupita kiasi, juu ya kila mzoga, juu ya kila jalala. Nani angepoteza wino kuwahesabu? Mtafiti Vibhu Prakash aliwahesabu, katika hifadhi ya Keoladeo, jimbo la Rajasthan. Alipolinganisha hesabu zake na za muongo uliofuata, tumbusi walikuwa wametoweka karibu wote mahali pale. Bila ile hesabu ya kwanza, ya ndege ambao kila mtu aliwaona, kusingekuwa na cha kulinganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chanzo kilijulikana: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iliyokuwa ikiwaua tumbusi kwa kuharibu figo zao walipokula mizoga. Mwaka 2006 India ilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo. Kwa mamilioni ya ndege ilikuwa imeshachelewa.

Tusidhani hilo ni la India peke yake. Mwaka 2015 spishi 4 za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, mmojawapo akiwa yule mdogo mwenye kichwa cha waridi ambaye wazee wetu walimzoea machinjioni. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliokusanya hesabu za ndege wawindaji wa mbugani kutoka sehemu kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Kati ya spishi 42, 37 zilikuwa zimepungua. Kazi iliyotoa jibu hilo ni watu ndani ya gari linalokwenda polepole, wakiandika kila tai, kila kozi, kila kipanga aliyetua juu ya nguzo, kisha wengine kuirudia barabara ile ile miaka mingi baadaye. Hakuna sehemu ya kazi hiyo ambayo kondakta wa matatu ya Narok asingeiweza.

Na kunguru je? Kunguru wa India, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890. Leo amejaa Dar es Salaam na Mombasa, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anavamia vifaranga vya kuku, anachafua hoteli. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Fikiria gharama ya kazi hiyo, kisha fikiria kunguru wawili wa kwanza waliotua katika kila mji ambao sasa wameuteka. Mtu mmoja akiwaandika hao wawili, na mamlaka ikasoma, kazi inakuwa ya asubuhi moja. Sasa hivi kunguru huyu anapanda kuelekea bara. Anayekaa kwenye mji wa njia kuu, akamwona kwa mara ya kwanza juu ya jalala la soko na kuandika "kunguru wa India, wawili, soko la chini, tarehe fulani", ameandika taarifa yenye thamani kuliko picha ya ndege adimu ambaye tayari anajulikana anakaa wapi.

Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ulioanza 2013, umejengwa juu ya fikra hiyo. Nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Mtazamaji anatumia angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja na kuandika kila spishi aliyoiona au kuisikia. Njiwa anaandikwa mstari mmoja sawasawa na tai. Orodha zikirudiwa, kupungua kwa ndege kunaonekana mapema. Miraba ya Nairobi na ya njia za watalii imeandikwa mara nyingi. Mingine, katika kaunti kavu za kaskazini, inangoja mtu. Watu wa kuijaza wanaishi humo humo, nao ndio tunaowaambia kwamba kazi hii haiwahusu.

4. "Ukitangaza walipo, umewaua"

Dai hili lina ukweli ndani yake na nautamka wazi. Wapo wanaosaka bundi na mayai yake kwa ajili ya uganga. Kasuku wa kijivu wamekamatwa kwa wingi hata biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ikapigwa marufuku mwaka 2016. Kwa hiyo kiota cha bundi hakitangazwi. Mti wanaolala kasuku hautangazwi. Mahali pa ndege anayewindwa panatajwa kwa jina la kata au msitu, na habari inaweza kungoja hadi makinda waruke. Mwenye kuweka hadharani picha ya kiota na ramani yake ametenda kosa, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Lakini wapinzani wangu wanatoka hapo na kuhitimisha kwamba tunyamaze kabisa. Wanasahau kwamba mwindaji hahitaji taarifa yetu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, mtafiti Martin Odino aliweka wazi jinsi ndege walivyokuwa wakiuawa kwa Furadan, sumu ya wadudu. Konokono walitiwa sumu na kuwekwa majini. Korongo hai walifungwa pale wawe chambo, wenzao wakiwaona washuke. Kisha nyama ikauzwa, watu wakaila. Waliotega walijua kila mahali ndege wanaposhuka na kila saa wanayoshuka. Waliokuwa hawajui ni sisi wengine: mwenye duka la pembejeo aliyeuza, mnunuzi wa kitoweo, ofisa aliyepaswa kuzuia. Ukimya ulimlinda mwenye sumu. Kilichoanza kumzuia ni mtu aliyekaa ukingoni mwa mashamba, akahesabu, akasema.

Ukimya una hasara nyingine, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Ardhi ambayo hakuna aliyeandika viumbe wake huonekana ofisini kama ardhi tupu. Kaskazini mwa Malindi kuna pori la Dakatcha. Humo anaishi mnana wa Clarke, ndege mdogo wa njano na nyeusi aliyeelezwa kisayansi mwaka 1913, na ambaye makazi yake yote duniani ni Dakatcha na msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani. Karne nzima ilipita bila mtaalamu yeyote kujua anataga wapi. Viota vyake vilipatikana mwaka 2013, Dakatcha, kwenye bwawa la msimu lenye majani marefu, na wanakikundi wa uhifadhi wa pale pale walikuwa katika msafara huo. Miaka michache kabla, palikuwa na mpango wa kuchukua hekta 50,000 za eneo hilo kupanda mbono kaburi kwa ajili ya mafuta ya magari ya Ulaya. Mpango ulipingwa na wakazi, ukakataliwa, na kati ya hoja zilizowekwa mezani ilikuwa orodha ya ndege. Kama orodha hiyo isingekuwapo, mwenye mpango angeandika "vichaka" na hakuna ambaye angekuwa na karatasi ya kumjibu.

Tathmini nyingi za mazingira hufanywa na wataalamu wanaokuja kwa siku chache, mara nyingi nje ya msimu wa mvua, wakati ndege wa mabwawa ya msimu hawapo. Mkazi aliyeandika miaka mitano mfululizo ana ushahidi ambao mshauri wa siku tano hawezi kuupata kwa malipo yoyote.

5. "Mkulima ana njaa, mwache"

Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Wanakuja kwa mamilioni. Mapema mwaka 2023, katika mashamba ya mpunga ya Kisumu, serikali ya Kenya iliazimia kuwaua milioni 6. Watoto huacha shule kukaa juu ya dungu na teo mkononi. Sitamwambia mzazi wa mtoto huyo kwamba kwelea ni wazuri.

Nitamwambia kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kudai ndege waandikwe. Dawa inayonyunyiziwa kwelea, fenthioni, inawaua pia tai, bundi na korongo wanaokula mizoga yao. Ikimwagwa juu ya mti waliolala minana na kwera, inaua ndege ambao wengi wao hulisha makinda wao wadudu wa shambani. Kujua ni ndege gani, wamelala wapi, tangu lini, na wanaongezeka au wamehama, ndiko kunakofanya hatua ichukuliwe mapema na mahali padogo. Huko Kondoa, Tanzania, wakazi huwatega kwelea kwa wingi na kuwala, bila sumu. Wanaweza kwa sababu wanajua makundi yanalala wapi. Hao ni watazamaji ndege, wenye tumbo la kulisha.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, maana sipendi hoja ya ndege isimame juu ya mtalii. Mtalii hukoma kuja wakati wa uchaguzi na wakati wa maradhi. Lakini lipo jambo la kweli. Kiingilio cha lile daraja la Mida kimesaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke. Kule Mabamba, Uganda, wavuvi wanapata riziki kwa kuwapeleka wageni kwa mtumbwi kumwona yule ndege mkubwa wa mapapirusi mwenye domo kama kiatu, ambaye zamani walimchukia wakiamini kumwona kunaleta mkosi wa samaki. Waliobaki kusema ndege hawajazi tumbo waende Mabamba wawaulize.

Kwa hiyo naomba. Mwalimu wa sayansi, ubandike karatasi ukutani, watoto waandike ndege waliowaona njiani kuja shule. Jina la Kigiriama, la Kisukuma au la Kiluo linatosha mpaka mtakapolipata la kitabuni. Dereva wa malori, uandike tai uliowakuta wamekufa chini ya nyaya za umeme na kilomita ulipowakuta. Mchuuzi wa samaki, uandike siku heroe walipofika na siku walipoondoka. Tarehe, mahali, idadi, jina. Kisha mpelekee mtu, kwa sababu daftari lililofungwa sandukuni halitamsaidia yeyote mezani.

Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, na wanaohesabu ni watu wa kujitolea. Januari ijayo nenda ukahesabu nao.